Trotuari ni ya Nani?



Ninyi mnaoikala Bukavu, jaribuni kitu kimoja juma hili. Tokeni Place de l'Indépendance kwa miguu, fuateni avenyu Patrice Emery Lumumba mpaka Feu Rouge, na mhesabu: ni mara ngapi mguu wenu umeacha trotuari, yaani ile njia ya pembeni ya wenye kutembea, na kushuka kwenye barabara ya magari? Mara moja ni juu ya gari lililosimamishwa pembeni. Mara nyingine ni juu ya meza ya biashara, lundo la mchanga wa mtu anayejenga, ao kifuniko cha mufereji kilichovunjika. Kijana mwenye miguu mizuri anaruka na kuendelea, hata hakumbuki. Sasa rudieni njia ile ile mkifikiri kwamba mumebeba mtoto mgongoni, ao mumefika miaka 75, ao mumeikala ndani ya kigari cha walemavu. Hapo hesabu inabadilika.

Ninyi wa Kamituga, Kolwezi, Likasi na Kipushi, msifunge ukurasa. Neno hili ni lenu pia, na tutafika kwenu.

Tunalotaka kusema ni moja tu: trotuari nyingi haziharibiki juu zilijengwa vibaya. Zinaharibika juu hakuna mtu wa kuziangalia toka juma hadi juma. Na wa kwanza kuumia siku zote ni yule asiyeweza kuruka.

MUJI WA MILIMA NA MAJI

Bukavu iko kwenye mwisho wa kusini wa ziwa Kivu, pale mto Ruzizi unapotokea. Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari, na muji unapanda kutoka pale mpaka kwenye vilima vya Kadutu na Panzi. Rasi zake tano zinaingia ndani ya maji sawa vidole vya mkono. Wakati wa ukoloni uliitwa Costermansville, na ulipangwa kwa watu wachache: Ibanda ya Wazungu, Kadutu ya wafanyakazi Waafrika, kisha Bagira iliyojengwa miaka ya 1950. Leo komini ni zile zile tatu, lakini wakaaji wamepita milioni moja. Vita vya 1996 na 1998, na vingine vilivyofuata, vilisukuma watu wa vijiji kutafuta usalama mujini. Nyumba zilipandishwa kwenye miteremko, kando ya mto Kawa, na mara nyingine hata juu ya mufereji wenyewe.

Ardhi yenyewe haitusaidii. Udongo wa Bukavu umetoka kwenye mawe ya volkano ya zamani yaliyooza. Ukishiba maji, unateleza. Wakaaji wa upande wa Funu wanajua namna nyumba inavyoweza kupasuka bila mtu kuigusa. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lenye nguvu ya karibu 6 kwenye kipimo, lilibomoa nyumba na kuua watu Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi. Ongeza mvula: inaanza mwezi wa Septemba na kwenda mpaka Mei, tunapumzika Juni mpaka Agosti tu. Mlima mkali, udongo laini, mvula ya miezi tisa. Hayo matatu yakikutana, maji ndiyo yanaamua trotuari itaishi miaka mingapi.

TROTUARI NI KIFUNIKO CHA MUFEREJI

Wengi wanafikiri trotuari ni sakafu, na mufereji ni kitu kingine. Mu Bukavu, pahali pengi ni kitu kimoja: unatembea juu ya dale za beto, na maji yanapita chini ya miguu yako. Dale moja ikikosekana, kunabaki shimo la kina cha goti ao cha kiuno. Muchana unaliona. Usiku, wakati umeme umekatika, hulioni. Na mvula kubwa ikishuka kutoka Kadutu, maji yanajaza barabara nzima, hata muchana huwezi kujua mufereji uko wapi. Mtoto anayerudi shuleni wakati ule anatembea kwa kubahatisha.

Angalieni namna ubaya unavyoanza. Kwanza mufereji unajaa takataka na matope. Maji yanakosa njia, yanapita juu. Yakipita juu yanakula udongo wa pembeni ya ukuta wa mufereji. Ukuta unakosa kitu cha kuegemea, unainama. Dale inakosa pa kulalia, inaanguka ndani. Sasa dale iliyoanguka inazuia takataka nyingine, na mufereji unajaa zaidi. Kwa mvula chache tu, trotuari ya mita 20 inaweza kwisha, na yote ilianzia kwenye sashe zilizokwama.

Kuna na kosa moja la salongo zetu. Siku ya posho, watu wa avenyu wanatoka na bechi, wanatoa matope ndani ya mufereji, jasho linatoka kweli kweli. Kisha matope yanawekwa wapi? Pale pale, juu ya trotuari, yanangoja gari la kuyabeba. Gari halikuji. Siku mbili nyuma mvula inanyesha, matope yote yanarudi kwenye mufereji. Tumefanya kazi mara mbili na tumebaki bila kitu. Tena zile siku mbili wapita njia wameshuka kwenye barabara ya magari. Kama hakuna namna ya kubeba matope, afadhali kusafisha mita 10 na kuyafikisha pa kutupia, kuliko kusafisha mita 100 na kuyaacha njiani.

SASHE MOJA NA GIZA LA MUJI

Vijana, fuateni safari ya sashe moja. Inatupwa Nyamugo baada ya kunywa maji. Mvula inaisukuma mpaka mtoni, mto unaipeleka ziwani, na ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio Ruzizi. Kilometa chache kutoka mlango ule iko barrage ya Ruzizi I, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, inayotupa umeme. Chupa na sashe za muji mzima, pamoja na za vijiji vya ziwani, zinakusanyika pale. Mara nyingi wafanyakazi wamepashwa kuzitoa juu zinaziba njia ya maji ya kuzungusha mashine. Mashine ikisimama, umeme unakatika. Umeme ukikatika, muji unaingia gizani. Na mu giza ndipo mama anaweka mguu pale dale inapokosekana.

Sashe lile lile limefanya mabaya mawili: limeziba mufereji mbele ya nyumba yako, halafu limekuzimia taa ambayo ingekuonyesha shimo.

Sheria juu ya jambo hili iko. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia sashe za plastiki mu inchi yote. Kila mmoja wetu anajua kama inafuatwa ao hapana. Lakini kitunga cha soko hakihitaji dekreti. Bibi zetu walikuwa nacho.

MAMA MUUZISHAJI SI ADUI

Tukisema juu ya trotuari, watu wengi wanarukia neno moja: «Wafukuzwe wauzishaji!» Limanga, yale masoko madogo ya pembeni ya barabara, yamefukuzwa mara nyingi Bukavu. Polisi wanapita, meza zinavunjwa, tomati zinakanyagwa. Kesho yake asubuhi mama amerudi. Juu ya nini? Juu watoto wamerudi pia, na wanaomba chakula.

Msikilizeni anavyosema: «Kila siku wananilipisha kodi ya mahali. Wakisha kupokea, wanakuja wengine kuniambia hapa si mahali. Sasa kama si mahali, ile franka walinilipisha ni ya nini?» Neno lake lina haki. Huwezi kumuuzisha mtu kiti asubuhi na kumfukuza juu yake jioni.

Lakini msikilizeni na mama mwingine, yule mbeba mizigo wa Kadutu. Anatoka sokoni na mzigo mgongoni umefungwa kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Uzito unamwinamisha, macho yake yanaona hatua mbili ao tatu tu mbele. Akikuta meza imefunga trotuari, anapashwa kushuka kwenye lami, akiwa hawezi kugeuza kichwa kutazama nyuma. Moto ikija, hawezi kuruka. Yeye pia anatafutia watoto chakula. Hapo si maskini na tajiri wanaogombana. Ni mama wawili, na trotuari moja.

Haki ya wote wawili inawezekana, kama watu wanakubali kupima. Trotuari ikiwa na upana wa mita 3, wauzishaji wachukue mita moja na nusu upande wa ukuta, nyingine mita moja na nusu ibaki wazi, bila meza, bila kiti, bila mwavuli wa kuchoma macho. Mstari wa chokaa chini unatosha kuwa mpaka, na wauzishaji wenyewe wachague mmoja wao wa kuulinda. Pale trotuari ina mita moja na nusu tu, hapo hakuna cha kugawa: ni ya wenye kupita, na komini itafute uwanja mwingine karibu, si mbali ambako mnunuzi hafiki. Tena ile kodi ya kila siku, kipande chake kirudi pale ilipotoka, kinunue bechi, brueti na simenti. Muuzishaji akiona kodi yake imekuwa dale mbele ya meza yake, atakuwa mlinzi wa kwanza wa dale ile.

WALE WASIOWEZA KURUKA

Mu Bukavu tuko na watu wengi wenye kutembea kwa shida: walioshikwa na polio wangali watoto, walioumizwa na vita, walioanguka na moto, wazee, vipofu. Kituo cha Heri Kwetu kimefundisha na kutunza walemavu kwa miaka mingi. Mtu anapewa miguu ya chuma ao kigari, anajifunza kazi ya kushona, anatoka na furaha, halafu mbele ya mlango anakutana na ngazi ya sentimita 30 na shimo la mufereji. Tumempa kigari, lakini njia tumemnyima.

Sheria inamjua mtu huyu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba mzee na mlemavu wana haki ya mipango ya pekee ya kuwalinda. Inchi yetu iliingia mu mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya kuwalinda na kuwaendeleza. Maneno ni mazuri. Sasa tuyageuze kuwa sentimita, juu fundi hapimi kwa maneno:

— Kigari kinaomba njia wazi ya sentimita 90 kwa uchache. Juu mtu mwingine apishane nacho, iwe mita 1 na nusu. Vigari viwili kupishana, mita 1 na sentimita 80.

— Pahali trotuari inaposhuka kwenye barabara, kusiwe ngazi. Kuwe mteremko mpole. Kipimo kinachofuatwa mu inchi nyingi ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Ukingo wa sentimita 15 unaomba mteremko wa mita 1 na sentimita 80. Wengi wanafanya mteremko wa nusu mita na kusema «tumewafikiria walemavu». Ule ni wa kuangusha mtu kifudifudi.

— Trotuari iinamie kidogo upande wa mufereji ili maji yasisimame, lakini isipite sentimita 2 kwa mita. Ikizidi pale, kigari kinavutwa pembeni.

— Tundu za kupitisha maji kwenye dale zisipite upana wa kidole, na mistari yake ikate njia, isiende sambamba na mwenye kutembea. Ikienda sambamba, gurudumu ao fimbo ya kipofu inaingia na kukwama.

— Kitu chochote kinachoning'inia, kama kibao cha duka, chuma cha dirisha ao kamba ya turubai, kiwe juu ya mita 2. Fimbo ya kipofu inapima chini. Haiwezi kumwambia kuna chuma mbele ya paji lake.

Tuseme na ukweli: kuna avenyu za Kadutu na Panzi ambazo mlima ni mkali, na mteremko mpole hauwezekani. Pale zijengwe ngazi nzuri: vipando vyote urefu mmoja, sentimita 15 mpaka 17, chuma ao ubao wa kushikilia mkono, na pa kupumzikia baada ya vipando 10 ao 12. Kipando kimoja kilichozidi wenzake kwa sentimita 3 ndicho kinachoangusha watu, juu mguu umekwisha kuzoea urefu wa vile vya kwanza.

GARI, MOTO NA SHERIA

Shirika la Afya la Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2023 kwamba ajali za barabara zinaua watu karibu milioni 1 na elfu 190 kila mwaka, na zaidi ya mmoja kwa watano ni mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu. Hakuwa na motere, hakuwa na spidi. Alikuwa anaenda sokoni.

Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Trotuari ni ya mwenye kutembea. Gari halina ruhusa ya kusimama juu yake. Mu Bukavu gari linapanda pale juu ya kukosa parkingi, na moto inapanda juu ya kuepuka ambuteyaji. Dereva anasema: «Ni dakika tano tu.» Lakini uzito wa gari haungoji dakika tano. Dale ya kutembelea watu haikutengenezwa kubeba gari. Inapasuka siku ile, inaanguka mwezi unaofuata, na anayetumbukia hakuwa ndani ya gari lile.

Kwa ndugu zetu bamotari tunasema kwa heshima: kazi yenu tunaihitaji, bila ninyi Cimpunda na Cahi zingekuwa mbali sana. Chagueni wenyewe, ndani ya chama chenu, pahali pa kungojea wateja pasipofunga njia. Amri mliyojiwekea wenyewe inafuatwa kuliko ile ya mtu mwenye filimbi.

Hata wenzetu wa nje walipitia shida hii. Nairobi, ambako watu wengi wanaenda kazini kwa miguu, serikali ya muji ilipitisha mwaka 2015 siasa nzima juu ya wenye kutembea na wenye baiskeli. Dar es Salaam, basi za mwendo kasi zilipoanza mwezi wa Mei 2016, njia yao ilijengwa pamoja na trotuari pana za pembeni. Na kule kote wauzishaji na pikipiki walirudi kuzijaa pale zilipokosa ulinzi. Kujenga ni siku moja. Kulinda ni kila siku.

NANI AFANYE NINI?

Hapa ndipo sisi wote tunapoonyeshana kidole. Raia anasema: «Ni kazi ya leta.» Leta inasema: «Raia wachafu.» Tugawe kazi.

Barabara za taifa ziko mu mikono ya Office des Routes. Njia za ndani ya muji, pamoja na mifereji yake, ziliwekwa mu mikono ya OVD, iliyoundwa mwaka 1987. Ona jina lenyewe: Office des Voiries et Drainage, kazi ya njia na ya maji mu shirika moja. Walioliandika walijua kwamba njia bila mufereji haiishi. Ukuta mkubwa ulioanguka, mufereji wa avenyu kubwa, daraja la Kawa: hizo ni kazi za injinia na feza za leta. Salongo haiwezi kuziponya, na tusikubali mtu atudanganye kwamba inaweza. Tuandike barua, tuweke sahihi za wakaaji, tutaje mahali na vipimo, tuchunge kopi. Barua inayosema «barabara ni mbaya» inalala kwenye kabati. Barua inayosema «dale 14 zimekosekana kati ya shule na soko, watoto wawili wameanguka mwezi huu» inamsumbua anayeisoma.

Komini inapanga masoko, inapokea kodi, inatoa ruhusa ya kujenga. Isikubali mtu ajenge ngazi ya duka mpaka katikati ya trotuari, wala parseli ifunge mufereji.

Mwenye parseli na mwenye duka wanachunga mita zilizo mbele ya mlango wao: kufagia kila siku, kufungua mufereji kila juma wakati wa mvula, kutoweka mchanga wa kujengea njiani. Ukilazimika kuuweka, uache mita moja wazi, na uutoe kabla ya mvula ya kwanza.

Vijana wa avenyu wanaweza kuwa macho: mara moja kwa mwezi kupita na daftari, kuandika kila dale iliyovunjika, na kuweka alama pale. Kijiti chenye kitambaa cheupe kilichosimamishwa kwenye shimo jioni hii ni bure, na kinaweza kuokoa mguu wa mtu usiku huu.

Utawala wa muji ulibadilika mwezi wa Februari 2025, mufereji haukubadilika. Mvula haiulizi ni nani anaongoza. Ndiyo sababu kazi ndogo ya kila avenyu haiwezi kungoja mambo makubwa yatulie.

DALE MOJA INATENGENEZWAJE?

Tukichukua mufereji wa upana wa sentimita 40, dale iwe 60 kwa 60, ili kila upande ulale sentimita 10 juu ya ukuta. Unene, sentimita 10. Itakuwa na uzito wa karibu kilo 86: watu wawili wenye nguvu wanaiinua, mwizi mmoja anaiacha. (Vifuniko vya chuma vinaibiwa na kuuzishwa, kwa sisi beto ni afadhali.)

Changanya ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga safi, 3 za changarawe. Maji kidogo, beto ikimwagika sawa supu, haitakuwa na nguvu. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa dale 3, na ukiangalia vizuri unakaribia 4. Ndani weka vyuma vya milimita 8, kimoja kila sentimita 15, vikilala kuvuka mufereji. Viwe upande wa chini, vimefunikwa na beto sentimita 2 ao 3. Watu wengi wanaviweka juu. Ni kazi bure, juu dale inapasukia chini. Acha tundu mbili za kushikia. Usiache ndoano ya chuma ikitokea juu, itakwaza watu.

Kisha funika dale kwa magunia yaliyolowa na umwagie maji siku 7. Usiiweke kazini kabla ya juma 4. Na ukisha kuiweka, usiifunge kwa simenti: dale isiyofunguka ni mufereji usiosafishwa. Pale magari yanapovuka kuingia parseli, dale hii haitoshi. Mwiteni fundi anayejua.

KWA NINYI WA MIJI YA MADINI

Bukavu haikujengwa na kampuni moja, lakini kambi zenu nyingi zilijengwa hivyo. Barabara ya taifa namba 5 inayofika Bukavu inatoka kwenu, Lubumbashi. Wazee wa Likasi na Kolwezi wanakumbuka avenyu zilizonyooka, mifereji iliyopakwa chokaa, na watu wa kampuni wa kufagia. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 haikufika hata 50,000. Feza zilipokwisha, mfagiaji naye aliondoka. Kamituga ni vile vile: SOMINKI ilikwisha mwaka 1997, na mifereji yake ikabaki bila mwenyewe.

Ninyi mnajua kitu ambacho watu wa Bukavu wanapashwa kujifunza kwenu. Mchimbaji hasemi: «Mbao za shimo tuliziweka mwaka jana, zinatosha.» Kila siku kabla ya kuingia anagonga, anasikiliza, anabadilisha ubao uliooza, anatoa maji. Siku anayoacha kuangalia ndiyo siku shimo linaanguka. Mfanyie njia ya mbele ya nyumba yako hivyo hivyo. Na kama leo kuna kampuni mpya kwenu ambayo magari yake makubwa yanapita katikati ya watu, ombeni njia ya wenye kutembea iandikwe ndani ya mapatano, na iandikwe ni nani ataitunza.

TUZUNGUMZE NYUMBANI NA MU AVENYU

1. Toka mlangoni petu mpaka shuleni, ni pahali gapi mtoto analazimika kutembea kwenye barabara ya magari? Kila pahali, sababu ni nini?

2. Mu avenyu yetu nani hawezi kuruka mufereji? Tumekwisha kumuuliza anapita wapi?

3. Matope ya salongo iliyopita yako wapi leo?

4. Wauzishaji wa avenyu yetu, tuliwahi kuikala nao na kupima njia pamoja, ao tunakutana nao wakati wa kufukuzwa tu?

5. Kwa parseli 10 tukitoa mfuko mmoja wa simenti kwa mwezi, mpaka mvula za Septemba tutakuwa na dale ngapi?